Wanataka ardhi yenu kwa umeme wa jua: mambo ya kujua mbele ya kutia kidole

Iko hivi. Asubuhi moja gari inasimama mbele ya nyumba ya chefu wa lokalite. Wanashuka watu watatu: mmoja wa kampuni, mmoja anayejiita ajenti wa kadasta, na kijana wa kwenu anayefanya kazi mjini. Wanasema wanatafuta uwanja wa kuweka plake za jua. Wanatembea juu ya kilima, wanapima kwa simu, wanapiga picha. Mbele ya kuondoka wanaacha kashi ya bia, noti kidogo za dola, na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa. «Mutie tu kidole hapa, ni kwa kuonyesha kama mulitupokea.»

Mfano huu si wa kijiji fulani, lakini wengi watautambua. Umeme tunautaka sisi wote. Na hakuna ubaya kwa mtu kuja kutafuta ardhi ya kuutengeneza. Swali ni moja: karatasi ile inasema nini, na nyuma ya kidole kutiwa, mutakuwa mumebaki na nguvu gani?

Kwa ufupi:

- Megawati 1 ya umeme wa jua inakalia karibu hekta 1 hadi 2. Anayeomba nyingi kuliko hapo aeleze ni za nini.
- Chefu peke yake hawezi kutoa konsesio. Kwa sheria ya Kongo, ni Leta anayeitoa, na ngazi ya anayesaini inafuata ukubwa wa ardhi.
- Kodi ya konsesio inalipwa kwa Leta. Faida ya kijiji haiji yenyewe; lazima iandikwe katika mapatano ya pembeni.
- Nguvu ya wakaaji iko mbele ya cheti kutoka, hasa siku ya anketi. Nyuma yake inapungua sana.

Kwa nini wanakuja kwetu

Mashariki ya Kongo jua halikosi, lakini nyaya za SNEL hazifiki katika vijiji vingi. Tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, kazi ya kutengeneza na kuuza umeme si ya SNEL peke yake tena. Kampuni za watu binafsi zinaweza kuomba ruhusa. Sheria hiyo ndiyo iliyofungua pia njia ya ofisi mbili tunazosikia majina yao: ARE, inayosimamia kazi ya umeme, na ANSER, inayoshughulikia umeme wa vijijini na wa pembezoni mwa miji.

Matokeo yanaonekana. Beni ilipata kituo kidogo cha jua katika 2017. Manono, huko Tanganyika, ilipata kituo cha megawati 1 pamoja na betri zake katika 2018. Goma, upande wa Ndosho, kituo cha megawati 1.3 kilianza kazi mwanzoni mwa 2020. Huko Haut-Uele, Faradje na Tadu nazo zina vituo vyao.

Vituo hivi ni vidogo na viko karibu na watu wanaotumia umeme wake. Lakini ndani ya miji viwanja ni vya bei kali, na migodi inahitaji umeme mwingi kuliko mtaa mmoja. Ndiyo maana macho yanageukia mashamba.

Hekta ngapi kwa umeme kiasi gani?

Tuanze na hesabu, juu hesabu haina kabila wala chama.

Megawati 1 ni kilowati 1,000. Pasi moja ya kunyoosha nguo inakula karibu kilowati 1, kwa hiyo megawati 1 inaweza kuwasha pasi kama 1,000 kwa mara moja jua likiwa kali. Ili kupata megawati hiyo, plake pamoja na nafasi ya kupita katikati yake zinakalia karibu hekta 1 hadi 2. Mifano ya jirani iko karibu na hapo. Kituo cha Garissa, huko Kenya, kina megawati karibu 55 juu ya hekta 85. Kile cha Rwamagana, mashariki ya Rwanda, kina megawati 8.5 juu ya hekta karibu 20.

Kipimo hiki kina kazi kubwa. Mtu akisema anajenga megawati 2 lakini anaomba hekta 300, muulize zile nyingine ni za nini. Pengine ana mpango wa kupanua kesho. Basi auandike, na mwaka wake. Pengine anatafuta ardhi tu, na jua ni jina la kupitia.

Muangalie pia ni ardhi ya namna gani anayoichagua. Kampuni inapenda mahali pa tambarare, pasipo na kivuli, karibu na barabara. Kumbe ndipo pale pale mama analima maharagi. Katika milima ya Kivu tambarare ni chache, na hekta 10 za bondeni hazilingani na hekta 10 za mteremko wa mawe. Muulize kama mteremko ule usiolimwa haufai. Mara nyingine unafaa, ila kazi ya kusimamisha vyuma ni ya gharama zaidi kidogo kwake.

Hii si bwasa

Wazee wetu wanajua kupangisha ardhi. Huko Bushi, mtu wa kalinzi alitoa ng'ombe ao mbuzi kwa mwenye ardhi, akapata haki ya kulima yeye na watoto wake. Mtu wa bwasa analipa kwa msimu ao kwa mwaka, analima vitu vya muda mfupi, halafu anarudisha shamba. Na kila mtu anajua kanuni ya bwasa: haupande kahawa, haupande ndizi, haupande miti. Juu mti ni alama ya kukaa. Huko Masisi kuna salongo: unafanya siku zako katika shamba la mwenye konsesio, naye anakuachia kipande ulime.

Shida ni kwamba wengi wanaposikia «kampuni inapanga ardhi», wanawaza bwasa. Wanafikiri mwaka ukiisha na hawakupendezwa, wanarudisha pesa na kurudishiwa shamba.

Plake ya jua inafanya kazi miaka 25 na zaidi. Nguzo zake ni za chuma, mara nyingi zimesimamishwa katika beto. Kuna uzio kuzunguka, kuna nyumba ya betri, kuna nyaya chini ya udongo. Kukubali kituo cha jua ni kama kumuachia mtu wa bwasa apande kahawa. Mtoto anayezaliwa mwaka wa saini atakuwa na watoto wake siku kontra inaisha. Kwa hiyo mkutano wa kuamua jambo hili si wa wazee wanne na kashi ya bia.

Ardhi ni ya nani: ya Leta, ya mwami, ao yetu?

Hapa ndipo mabishano yanaanza. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa katika 1980, inasema katika kifungu cha 53 kama ardhi ni mali ya Leta peke yake. Vifungu vya 387 na 388 vinaongeza kama ardhi wanamokaa, wanamolima ao wanamotumia watu wa kijiji kwa kufuata desturi iliingia nayo katika mali ya Leta. Halafu kifungu cha 389 kiliahidi kama ordonansi ya Rais itapanga haki za wakaaji juu ya ardhi hizo. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila ordonansi hiyo kutoka.

Kwa hiyo kuna watu watatu juu ya kilima kimoja. Leta ana karatasi. Mwami ana desturi. Mkulima ana jembe. Anayewaambia «Ile bulongo ni ya Leta, ninyi muko munalimia tu» anasema nusu ya kweli. Nusu nyingine iko katika Katiba ya 2006: kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu na ya jamii iliyopatikana kwa njia ya sheria ao ya desturi. Na kama Leta anataka kuichukua kwa faida ya wote, lazima kwanza alipe fidia ya haki, mbele ya kuondoa mtu.

Wazee wetu hawakusahau pia zairianisation ya 1973, mashamba makubwa ya wakoloni yalipogawiwa wakubwa wa wakati ule, na wafanyakazi wakabaki wafanyakazi. Wanapouliza «cheti kitakuwa cha jina la nani?» hawachelewi maendeleo. Wanakumbuka.

Serikali ilipitisha politike mpya ya ardhi katika 2022, na mabadiliko ya sheria yenyewe yamekuwa mezani kwa miaka. Basi mbele ya kutumia kifungu chochote tulichotaja, avoka wenu aangalie maandishi yanayotumika siku ile.

Njia tatu, na hatari tatu

Anayetafuta ardhi anaweza kupita njia tatu.

Ya kwanza ni ardhi ya familia ao ya kijiji, isiyo na cheti. Kampuni inaandika karatasi na familia mbele ya chefu. Karatasi hiyo ina uzito katika kijiji, lakini kwa sheria haki juu ya ardhi inathibitishwa na cheti kimoja tu, kile kinachoitwa «certificat d'enregistrement». Kampuni yenye akili inajua hivyo. Inatumia karatasi ya chefu kama ngazi, inapanda nayo hadi kwa konservateri wa ardhi, inaomba konsesio kwa jina lake. Siku konsesio inatoka, kampuni imekuwa mpangaji wa Leta. Kodi ya kila mwaka inaenda kwa Leta. Familia iliyotia kidole, isipokuwa na mapatano mengine yaliyoandikwa, haina cha kudai.

Ya pili ni ardhi yenye cheti tayari: konsesio ya zamani, paroise, masomo, mfanyabiashara. Mwenye cheti anaweza kupatana na kampuni. Hatari iko kwa wale wanaolima ndani yake kwa salongo ao kwa bwasa. Hawamo katika cheti, na kama hawakusema mapema, watasikia habari siku ya tingatinga.

Ya tatu ni ardhi ambayo Leta anasema ni tupu. Tutarudi kwayo.

Kampuni, hata ya Wakongomani, haiwezi kupata konsesio ya milele. Hiyo ni ya raia mwenyewe. Inapata konsesio ya kawaida, yenye muda usiopita miaka 25, inayoweza kurudiliwa. Na konsesio inatolewa kwa sharti la kuitumia. Mtu anayefunga uzio na kuacha majani yaote miaka na miaka anavunja sharti hilo.

Nani anaweza kusaini?

Kwa ardhi ya kijijini, sheria ya 1973 inafuata ukubwa:

- hadi hekta 200: gavana wa jimbo; na kwa hekta 10 ao chini, konservateri anaweza kupewa uwezo huo;
- zaidi ya hekta 200 hadi 1,000: waziri wa ardhi;
- zaidi ya hekta 1,000 lakini chini ya 2,000: ordonansi ya Rais wa Jamhuri;
- hekta 2,000 na zaidi: sheria inayopitishwa na Bunge.

Hamuoni hapo jina la chefu wa lokalite, wala la chefu wa grupema, wala la mwami. Haimaanishi kama hawana kazi. Bila wao mipaka haijulikani na amani haipatikani. Lakini saini yao ni ya ushahidi na ya maoni, haitoi ardhi. Mkubwa anayepokea pesa «kwa kuuza kilima» anauza kitu ambacho hana uwezo wa kuuza.

Muwe macho pia na kukatakata. Mtu anayetaka hekta 600 anaweza kuomba tatu za hekta 200, kwa majina matatu, ili asipite kwa waziri. Mukiona maombi mawili ao matatu yanagusana mipaka, muulize kama nyuma yake hakuna mtu mmoja.

Anketi: siku yenu ya kusema

Kama kuna sehemu moja ya makala hii ya kushika kwa kichwa, ni hii. Kwa ardhi ya kijijini, sheria inaamuru anketi mbele ya konsesio, kuanzia kifungu cha 193. Kazi yake ni kujua kama kuna watu wengine wenye haki juu ya ardhi inayoombwa. Ombi linabandikwa mahali watu wanaweza kulisoma. Ajenti anakuja, anaangalia mipaka, anaeleza mahali palivyo, pamoja na misitu, mito na njia. Anasikiliza malalamiko ya mdomo. Anapokea yale ya maandishi. Halafu anaandika prosè-verbal.

Ni kwa anketi ndipo kilima kinakuwa «chenye watu» ao «kitupu» kwa macho ya Leta. Anketi ikifanywa katika ofisi, ao kwa kumuuliza chefu peke yake, prosè-verbal itasema hakuna aliyepinga. Na hakuna aliyepinga kwa kuwa hakuna aliyejua.

Kwa hiyo kijiji kijitayarishe mbele:

- Muandike orodha ya kila anayelima pale, na kipande chake. Jina la mume peke yake halitoshi. Muandike la anayeshika jembe.
- Muhesabu miti: kahawa, ndizi, avoka, mikaratusi, michikichi. Muandike makaburi, chemchemi, njia ya maji, njia ya ng'ombe, njia ya masomo.
- Mupige picha, na mutie tarehe.
- Mutoe malalamiko kwa maandishi, nakala mbili. Moja muache kwa ajenti, nyingine irudi na muhuri ya kupokelewa. Karatasi isiyo na muhuri ni maneno ya upepo.
- Muombe kusomewa prosè-verbal kwa lugha munayoisikia, mbele ya kutia saini.

Kusema «tunakataa» peke yake hakutoshi. «Tunakataa hekta hizi 12 za bondeni juu jamaa 40 zinalima pale, lakini mteremko ule tunaweza kuzungumza» ni neno ambalo mtu wa ofisi hawezi kuliruka kirahisi.

Ardhi tupu ni ya nani?

Katika majimbo yetu kuna vijiji ambavyo watu walikimbia. Nyumba zimeanguka, majani yameota juu ya shamba. Mgeni anapita na kusema: hapa ni tupu. Si tupu. Wenyewe wako katika kambi, ao kwa jamaa mjini, wanangoja usalama. Kifungu cha 388 kinazungumzia ardhi wanayokaa, wanayolima ao wanayotumia watu kwa kufuata desturi zao, na desturi haisemi kama mtu aliyefukuzwa na risasi amepoteza shamba la babu yake.

Kama uko kijijini na jirani zako walikimbia, waandike katika orodha. Kama wewe ndiwe uliyekimbia, tuma jina lako na mipaka yako kwa simu kwa mtu unayemwamini. Na mahali ambapo ofisi za ardhi zimefungwa, zimehama ao zimebadilisha mikono juu ya vita, musikimbilie kusaini. Kontra ya miaka 25 inaweza kungoja. Inayoletwa na mtu mwenye bunduki pembeni si kontra.

Kuna wengine wanaosahauliwa hata wakati wa amani. Wamama wanalima zaidi, lakini mezani wanakaa wababa. Tangu marekebisho ya sheria ya jamaa katika 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kusaini jambo la kisheria. Basi wamama waketi mezani na wasaini nao. Bambuti na Batwa wanatumia msitu bila kuulima, kwa hiyo alama yao haionekani kwa haraka. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao, na haifai kupitisha jambo la ardhi yao bila kuwauliza kwanza kwa uhuru. Na watu wa bwasa, ambao hawana kilima, ndio wa kwanza kupoteza chakula.

Kontra iseme nini

Tuseme kijiji kimekubali. Vizuri. Sasa mapatano ya pembeni, kati ya kampuni na wakaaji, ndiyo yatakayolisha watoto ao kuwaacha na njaa. Yaandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti katika baraza, yasainiwe mbele ya notère, na nakala ibaki kwa kijiji, si kwa chefu peke yake.

Fidia na malipo ya mwaka. Fidia ni ya mara moja, kwa mazao, miti na nyumba. Malipo ya mwaka ni ya muda wote. Musichanganye. Kama familia inavuna magunia 10 ya muhogo kwa mwaka, kwa miaka 25 ni magunia 250; anayeleta pesa ya magunia 20 na kusema «tumemaliza» hajamaliza. Bei iandikwe kwa dola, ao kwa franga yenye kufuata dola, na ipande kila baada ya miaka fulani. Franga ya leo si franga ya kesho.

Umeme wenyewe. Kituo kinaweza kukaa juu ya kilima chenu na nyaya zikapita juu ya vichwa vyenu kwenda mjini ao mgodini, kijiji kikabaki na koroboi. Muandike: nyumba ngapi zitaunganishwa, mwaka gani, na kituo cha afya, masomo na kinu cha unga vitalipa bei gani. Ahadi ya mdomo «umeme utafika» haina tarehe.

Njia na maji. Uzio unaweza kufunga njia ya kisima. Muandike njia itakayobaki wazi. Katika milima yetu kuna jambo lingine: mvua inayoanguka juu ya plake inashuka kwa mstari mmoja na kuchimba udongo. Bila mitaro na majani, shamba la chini litajaa matope. Kazi hiyo ni ya kampuni.

Kulima na kuchunga ndani. Katikati ya safu za plake majani yanaota, na lazima yakatwe. Mahali pengi wanaachia kondoo kazi hiyo. Mbuzi hapana, anapanda juu ya plake. Plake zikiinuliwa juu, hata mboga zinaweza kupandwa chini yake. Muombe nafasi hiyo iandikwe.

Kazi. Kujenga kunahitaji watu wengi kwa miezi. Kulinda na kusafisha kunahitaji wachache kwa miaka. Musiuze ardhi kwa ahadi ya kazi za miezi sita.

Kampuni ikiuza. Kampuni ndogo inaweza kupata karatasi na kuziuza kwa kubwa. Muandike kama mnunuzi anachukua na madeni yote ya kontra, na kijiji kinajulishwa mbele.

Siku ya mwisho. Nani ataondoa nguzo, beto na nyaya? Betri zinachoka mapema kuliko plake, na ndani yake kuna vitu vya sumu. Pesa ya kusafisha iwekwe pembeni tangu miaka ya mwanzo, juu kampuni iliyofilisika hairudi kufagia.

Mbele ya haya yote, muombe kuona uchunguzi wa mazingira na wa maisha ya watu. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaudai kwa miradi inayoweza kuharibu mazingira, na ofisi inayouangalia ni ACE.

Jirani wawili, masomo mawili

Huko Rwamagana, Rwanda, plake zaidi ya 28,000 zimewekwa juu ya ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichoundwa kwa ajili ya yatima nyuma ya mauaji ya 1994. Kituo kilianza kutoa umeme katika 2014. Kampuni inapanga ardhi, na kodi yake inasaidia kijiji kulea na kusomesha vijana. Angalia sababu: mwenye ardhi alijulikana, alikuwa na karatasi yake, ndipo akapangisha. Kodi ilikuwa na mlango wa kuingilia.

Huko Marsabit, kaskazini ya Kenya, ni upepo, si jua, lakini swali la ardhi ni lile lile. Mradi mkubwa wa minara 365, wenye megawati 310, ulipewa ekari 150,000 za wafugaji, ilhali minara yenyewe inakalia sehemu ndogo tu. Wakaaji walipeleka jambo mahakamani. Katika Oktoba 2021, mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ilisema kama hati zile zilipatikana bila kufuata utaratibu wa ardhi ya jamii. Minara ilikuwa inazunguka tayari. Basi hata kwa kampuni, kuruka wakaaji si njia ya mkato. Ni deni linalongoja.

Karatasi ikiisha kutoka

Je, kama mulichelewa? Cheti kikitoka, kina nguvu kubwa. Sheria inaacha miaka miwili tu ya kuomba kivunjwe kwa sababu ya makosa ao udanganyifu, na mlango huo umewekwa kwa aliyekuwa na hati yake. Nyuma ya hapo, kinachobaki kwa kawaida ni kudai fidia. Sheria inasema pia kama kontra ya konsesio iliyofanywa kwa kuvunja kanuni zake ni bure, lakini ni lazima kwenda mahakamani kuonyesha kanuni gani ilivunjwa. Ndipo ile orodha yenye muhuri inapokuwa dhahabu. Bila hiyo, avoka hata mwenye kipaji atasimama mikono mitupu.

Ya kuuliza siku gari inaposimama

1. Kampuni yenu inaitwaje, imeandikishwa wapi, na karatasi zake ziko wapi?
2. Munataka megawati ngapi, na hekta ngapi? Kwa nini hizo?
3. Umeme utauzwa kwa nani? Muko na ruhusa gani ya ARE ao ya jimbo?
4. Cheti kitakuwa kwa jina la nani, na kwa miaka mingapi?
5. Anketi itafanywa siku gani, na ombi litabandikwa wapi?
6. Nani amekwisha kupokea pesa hapa kijijini, na kiasi gani?
7. Fidia ni bei gani kwa mti, na malipo ya mwaka ni bei gani?
8. Nyumba zetu zitaunganishwa mwaka gani?
9. Nani ataondoa vyuma na betri?
10. Tunaweza kukaa na karatasi hii siku 30 ili tuisomee kwa avoka?

Swali la mwisho ndilo kipimo cha kujua mtu. Aliye na mradi wa kweli wa miaka 25 hawezi kukosa siku 30. Akikasirika, akarudisha karatasi ndani ya gari na kusema nafasi itaenda kwa kijiji kingine, mumwache aende. Kashi ya bia mumrudishie. Na kama anakubali kungoja, mumpe kiti, mumpe maji, muanze kuandika ile orodha.